Mpiga Chapa wa Isiolo na Kitabu Kilichokataa Kufunguka

Saa mbili asubuhi, Natabo Lochoro ameshafuta vumbi mezani, amefunga dirisha la upande wa barabara na kuwasha kompyuta. Maandishi ya kijani yanapotokea, anaweka kidole chini ya neno la kwanza na kulisoma kwa sauti.

"Aatuk," anasema, kisha anatikisa kichwa. "Hapana. Ni ng'aatuk. Ng'ombe."

Anaandika herufi zilizokosekana mwanzoni mwa neno hilo la Kiturkana, kisha anasogea kwenye linalofuata. Kila ukurasa una mapengo kama hayo hamsini, mara nyingine themanini. Kurasa ni 212. Hadi jana jioni alikuwa amemaliza 61, na wachapishaji wa Nairobi wanazitaka zote tarehe 30 Novemba. Leo ni tarehe 12 Novemba 1987.

"Wakisema tumechelewa, watapatia watu wengine nafasi yetu," anasema bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. "Nalala, lakini roho iko juu."

Natabo ana miaka 34 na watoto watatu, na anaishi mtaa wa Chechelesi, Isiolo. Amepiga chapa tangu 1974, kwanza kwa taipureta ya kawaida. Baada ya ukame wa 1984 kumaliza mifugo, mradi mdogo wa kisomo cha watu wazima ulimwajiri akusanye maarifa ya wafugaji Waturkana wa Ngaremara, nje ya mji, kuhusu magonjwa ya mifugo, ili yawe kitabu cha kusomea darasani.

Kwa miaka miwili na nusu alirekodi wazee, akasikiliza, akaandika. Kaseti zilikuwa sita tu. Akishaandika alichorekodi, alirekodi mengine juu yake. Kila neno likabaki ndani ya disketi kumi na mbili za kompyuta ya mradi.

Agosti mwaka huu umeme ulipotea, uliporudi ukaunguza kompyuta. Shirika jingine likatoa mpya, ya aina tofauti.

"Disketi inaingia vizuri kabisa, kama ufunguo kwa kufuli ya jirani," anaeleza Natabo. "Inaingia, lakini haifungui. Nikajaribu ya pili, ya tatu, mpaka zote kumi na mbili. Nikaita msimamizi."

Msimamizi wake, Doyo Halake, anakiri kwamba mwanzoni alidhani mpiga chapa wake amekosea.

"Nilimwambia, hebu toka nijaribu mimi," anasema Doyo. "Kumbe hizi mashine hazisikizani. Kila mwenye kuunda yake anaweka maneno kwa njia yake, na hataki ya mwenzake."

Mwishoni mwa Septemba, mashirika matatu yanayochapa vitabu vya kisomo yalikutana mjini Isiolo kutafuta njia moja ya kuhifadhi maandishi. Natabo aliitwa kuandika kumbukumbu za mkutano.

"Mmoja anasema mashine yetu ndiyo ya kisasa, mwingine anasema yetu iko na herufi nyingi," anakumbuka Doyo. "Kila mtu anataka wengine wanunue kama yake. Masaa matatu, na hakuna aliuliza kitabu chenyewe kiko wapi."

Natabo akaweka kalamu chini.

"Niliwaambia, samahani wakubwa, mimi ndiyo napiga hii kazi. Tukubaliane kuandika kwa herufi tupu, zile kila mashine inajua, bila mapambo. Mashine ikikufa, maneno ibaki."

Mgeni mmoja alimjibu kwamba jambo hilo ni la wataalamu. Mwenyekiti akaahirisha uamuzi hadi Januari.

Oktoba, Doyo alipata habari kwamba hospitali moja ya misheni huko Meru bado ina mashine kama ile iliyoungua. Natabo alizifunga disketi kwa leso, akaziweka ndani ya mkebe wa biskuti na kuupakata njia nzima. Karani wa hospitali aliunganisha mashine mbili kwa waya, maandishi yakahamia ya pili, ya aina ya ile mpya ya Isiolo, yakiwa herufi tupu.

Disketi kumi zilikubali. Lakini ile n yenye mkia, ambayo mashine ya zamani ilikuwa imewekewa kwa ajili ya Kiturkana, ilipotea kila mahali. Sasa Natabo anaandika ng', kama katika Kiswahili, kwa kuwa hakuna mashine isiyozijua alama hizo.

Disketi mbili zilikataa kabisa. Moja ilikuwa na barua za ofisi tu; ya pili ilibeba maneno ya Nakuam, bibi wa Ngaremara aliyesifika kwa kuokoa mbuzi wenye homa ya mapafu na wanaoshindwa kuzaa. Nakuam alifariki Machi.

"Huyo mama aliniamini," anasema Natabo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii vidole vinasimama. "Aliniuliza, mtoto wangu, ukiweka hapo itakaa? Nikamwambia itakaa."

Wiki tatu zilizopita alikwenda Ngaremara kumweleza Aule, binti wa marehemu.

"Maneno ya mama yamepotea," alimwambia. "Ni kwa mikono yangu."

Aule akauliza, "Yote?"

"Yote ya mbuzi."

"Na nani alikuwa anamshikia hao mbuzi miaka ishirini? Si ni mimi? Kuna kitu nimesahau, lakini si yote. Lete karatasi."

Tangu hapo Aule huja ofisini kila Alhamisi. Anasimulia, Natabo anaandika kwa mkono kwanza, kisha anapiga chapa na kutoa nakala mbili za karatasi. Moja Aule anakwenda nayo nyumbani. Hadi sasa wamepata kurasa tisa kati ya kumi na saba zilizopotea.

Kandarasi ya Natabo inaisha Desemba, na hajui kama itaongezwa. Mwaliko wa mkutano wa Januari haujamfikia pia. Anasema atakwenda hata hivyo.

"Kama kitabu kitakuwa kimetoka, nitakibeba," anasema, akirudisha kidole kwenye kioo. "Nitamwomba mmoja wa wale wakubwa asome ukurasa wa Nakuam kwa sauti. Akimaliza, ndiyo tuongee habari ya mashine."