Pilipili Mbele ya Mkwe

Sina hamu ya kutoka nje. Juzi nilimpeleka Ami Seif, babake Zuwena, kwenye mkahawa wa Kimeksiko wa hoteli mpya nje ya mji wetu wa Ibra, ili nimpose binti yake. Nilijigamba kwamba mimi hula pale kila Alkhamisi.

Ukaletwa mkate na kibakuli cha mchuzi mwekundu. Nikadhani ni supu, nikainywa yote. Mtumishi akajaza tena. Nikakitikisa kibakuli, kama tutikisavyo finjani ya kahawa tukitosheka. Mtumishi yule, mgeni wa nchi, hakuijua ada yetu, akajaza. Nikanywa huku machozi yananitoka.

Ami Seif akachovya mkate kidogo. "Hii pilipili ya kuchovyea, mwanangu. Kila Alkhamisi unaila vipi?"

Ikaja kahawa. Ami Seif akaitikisa finjani yake kabla hajaionja, nami bado sijalitaja jina la Zuwena.