Makaburi ya Managu

Mpaka leo nikisikia mashine ya kufyeka nyasi, ile yenye uzi unaozunguka kama nzi aliyerukwa na akili, nakunja ngumi. Sifanyi mzaha, na mimi ni mtu wa mizaha. Mwulize mwalimu yeyote aliyewahi kunitoa darasani. Kila majira ya kuchipua, Westmead nzima, mtaa wetu hapa Sydney, hunguruma Jumamosi asubuhi kwa sababu nyasi zimekumbuka kuota. Mimi hufunga dirisha, napandisha muziki, na bado hasira hupenya.

Mwenye kosa ni baba yangu. Nasema mapema, asije akasoma huku akijifariji kwamba labda ni mtu mwingine.

Shosho, mama yake baba, alikuja kututembelea mwezi wa Julai, katikati ya baridi. Viza yake ilimruhusu kukaa hadi baada ya Krismasi, nami nilikuwa nimeshapanga kila kitu: Krismasi tungekuwa ufukweni, yeye na leso yake na soksi zake, tukiwacheka watu wanaojianika juani kwa hiari yao kama dagaa wa omena. Mimi ndiye niliyepewa jina la babu, marehemu mume wake, na kwetu hilo si jambo la cheti cha kuzaliwa tu. Shosho ananiita mume wangu mbele za watu. Ananiuliza kama nimeshiba kabla hajamwuliza mtu mwingine. Baba akinikaripia, Shosho humtazama na kumwambia, "Mtoto, ndivyo unavyosema na baba yako?" Niliipenda sana hiyo kazi. Sijui kijana mwingine Sydney aliyeweza kumwita baba yake mwanangu na bado akapewa chakula cha jioni.

Shida ni kwamba nyumba yetu ilikuwa inamwua polepole. Mama alikuwa na zamu zake hospitalini, baba ofisini, mimi shuleni. Shosho alibaki kufagia pale palipofagiwa. Nikirudi namkuta dirishani akiangalia ua wa mbao, kama kwamba ua nao ungechoka na kusema neno. Aliniuliza watu wa hapa wanafanya nini mchana kutwa. Nikamwambia wako kazini wanatafuta pesa za kulipia nyumba ambazo hawamo. Kufikia Agosti alikuwa ameanza kusema arudishwe nyumbani mapema. Alisema anaketi hapa kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina.

Halafu siku moja alitoka kuanika nguo, nikasikia ukelele. Nilitoka mbio nikijua ni nyoka, na nikijua pia kwamba mimi na nyoka hatuna mazungumzo. Nikamkuta amepiga magoti kando ya ua. Mbele yake palikuwa na managu, ile mboga chungu ya majani anayoilima kwao. Managu ya kweli, yameota yenyewe nyuma ya kamba ya nguo, bila kualikwa na mtu. Hapa watu huyanyunyizia dawa yafe. Shosho aliyashika majani kwa vidole viwili, kama anayeshika shavu la mtoto, akasema ataniambia kitu: hatarudi tena mapema.

Basi ukawa mwisho wa amani yangu. Nyasi zote za upande wa nyuma nilizing'oa mimi, kwa kijembe kidogo ambacho nadhani kilitengenezewa wanasesere. Mbegu za boga alizitoa kwenye boga la dukani, akazianzisha dirishani ndani ya mikebe ya mtindi. Mbegu za terere, mchicha wa kwetu, alipewa na mama mmoja wa Burundi kanisani, zimefungwa kwenye karatasi ya nyimbo. Sukuma wiki tulinunua miche. Mti wa limau tuliukuta hapo, umekonda na una kiburi, na mforosadi wa jirani ulikuwa umeinamia upande wetu, ukidondosha matunda meusi juu ya nguo za kazi za mama hadi akaonekana kama ametoka vitani na si wodini.

Septemba ikaingia na kila kitu kikapata wazimu. Yule ndege mweusi kwa mweupe anayetaga mtaani kwetu akaanza kunishambulia kichwani kila nikienda shule. Hao ndege wakiwa na makinda hawana adabu. Nikawa natembea na begi kichwani, na Shosho akasema ndege huyo anatambua mtu ambaye hakusali asubuhi. Maboga yakatambaa. Managu yakanenepa. Shosho alikuwa akichuma ncha tu, anaacha shina lichipue tena, na kila Ijumaa tulikula managu yaliyopikwa na maziwa. Mama alikuwa anatoka zamu, anakula amesimama, anafumba macho.

Bustani ilikuwa na sheria moja. Boga changa halielekezewi kidole, maana ukilisonta, linaoza. Unalionyesha kwa ngumi. Jirani yetu wa mforosadi, mzee aliyehamia nchi hii zamani kutoka Lebanoni, hakuwa na habari hiyo. Alichungulia juu ya ua, akatabasamu, akalisontea kidole boga la kwanza, na Shosho akampiga kofi mkononi. Kisha akamwonyesha ngumi. Mzee wa watu akarudi nyuma akidhani anaitwa kupigana. Ilibidi nikimbie kutafsiri. Kuanzia hapo kila tulipomwona alitusalimu kwa ngumi, na kila mmea alioutaja aliunyoshea ngumi, hata limau, ambalo halikuwa na masharti yoyote.

Baba hakuwa na tatizo na bustani mpaka ilipoanza kuonekana. Wenzake wa ofisini wakija, alivuta pazia la nyuma. Alimwambia Shosho kwa upole wa mtu anayeongea na mteja kwamba atamnunulia mboga dukani, za aina yoyote. Shosho akamwuliza, "Hizo za dukani zilikufa lini?" Mimi nilicheka hadi nikatolewa mezani.

Novemba ajenti wa nyumba akatuma ujumbe kwamba anakuja kufanya ukaguzi, akaongeza, kama wanavyoongeza kila mara, kwamba uani pawe nadhifu. Nyumba ni ya kupanga, iko karibu na hospitali ya mama, na kuipata tulisimama foleni na watu waliokuja na nyuso za mahojiano. Naelewa baba aliogopa. Naelewa, na sijamsamehe, na hayo mawili yanakaa ndani yangu bila kugombana.

Alingoja Jumamosi. Mama na Shosho walikuwa wameenda kwa akina mama wa kanisa, mimi niko uwanjani nafungwa mabao. Niliporudi nilisikia harufu kabla sijafungua lango. Managu yaliyosagwa yana harufu yake, na ilikuwa imejaa hadi barabarani. Jamaa wa mashine alikuwa anapakia vyombo vyake garini, ananipungia mkono, mtu mwema kabisa aliyelipwa kufanya alichoambiwa. Nyuma hapakuwa na kitu. Terere, sukuma, managu, maboga na mashina yake, vyote vimelazwa chini usawa wa vifundo. Limau peke yake lilikuwa limesimama, limebaki kushuhudia.

Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Umekata," nikamwambia.

"Nimesafisha."

"Umemkata Shosho."

Akaniambia nisilete maigizo, hayo yalikuwa magugu, na kwamba nyumba ikichukuliwa sitaenda kulala kwenye terere. Nikamwambia kwa jina nililopewa mimi ni baba yake, na kwamba nimeaibika kumzaa. Hilo lilinigharimu simu yangu kwa wiki. Ningelipa tena.

Shosho akarudi. Alisimama na mkoba wake wa kanisani mkononi, akaangalia, halafu akaenda moja kwa moja kwenye pipa la kifuniko cha kijani, la majani yaliyokatwa, akaingiza mkono hadi begani. Akatoa majani kidogo kidogo, akayachambua mapajani bado amevaa nguo nzuri. Mama alipojaribu kumshika, alimwondoa mkono bila ukali. Akayaosha, akayapika, akatia maziwa. Jioni akampakulia baba kwanza, sahani imejaa hadi ukingoni.

"Kula, baba," akamwambia. "Si hukutaka yaonekane? Tumboni hayataonekana."

Baba akala. Alimaliza sahani yote. Baada ya hapo Shosho hakumwambia baba neno la moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwangu, hata baba akiwa amekaa mbele yake. Mume wangu, mwambie mtoto wetu chai iko tayari. Mume wangu, mwulize mtoto wetu ameweka wapi miwani yangu. Na la kwanza kabisa, usiku ule ule, lilikuwa hili:

"Mume wangu, mwambie mtoto wetu anitafutie ndege. Nilidhani niko kwake. Kumbe hata yeye hapa si kwake."

Sikulirudia. Baba alikuwa amelisikia; niliona lilivyomwingia.

Basi mimi nikafanya ninachojua kufanya. Siku ya ukaguzi, kabla ya ajenti kufika, nilichukua vijiti tulivyokuwa tumeweka tayari kwa miche ya nyanya, nikafunga misalaba, nikaipanga kwenye udongo mtupu, mmoja kwa kila tuta. Kwenye vifuniko vya mtindi niliandika kwa Kiswahili: Managu, yaliondoka ghafla. Terere, ameacha mjane. Sukuma wiki, haikufika wikendi. Maboga, yaliuawa na mtoto wa mkulima wao. Nikaweka maua niliyoyachuma kwenye nyumba ambazo sitazitaja.

Ajenti alikuwa dada mmoja kijana mwenye haraka. Alipiga picha jiko. Alipiga picha bafu. Alibonyeza kengele ya moshi ikalia. Mlango wa nyuma, ule ambao kwa ajili yake bustani nzima ilichinjwa, hakuufungua. Nasema tena kwa ajili ya baba: hakuufungua. Aliangalia mara moja tu kupitia kioo akiwa anapiga picha mapazia, akaona misalaba, akashusha sauti, akamwambia baba pole sana kwa kufiwa na mbwa wenu.

Baba aliniangalia. Kisha akamwambia ajenti asante.

Shosho alikuwa jikoni. Nilimtafsiria, na akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi ile, amejishikilia kwenye sinki, machozi yanamtoka. Nikajua sasa atabaki. Nilikuwa nimekosea. Tiketi ilibadilishwa, na kabla Novemba haijaisha tulimpeleka uwanja wa ndege, wote wanne ndani ya gari. Kwenye foleni ya mizigo alinishika shavu kwa vidole viwili. Baba alimpa mkono, akamkumbatia, Shosho akakubali kukumbatiwa. Hakumwambia chochote, na mimi sikuwa na ujumbe wa kupeleka.

Kama wiki mbili baadaye yule mzee wa Lebanoni alituita kutoka upande wake. Mimi na baba tulikuwa hatusemezani, kwa hiyo tulikwenda kila mtu kwa njia yake, yeye kupitia langoni na mimi kwa kuruka ua. Chini ya mforosadi kulikuwa na shina la boga. Lilipita chini ya mbao za ua kabla mashine haijaja, na upande wa pili likatia mizizi yake lenyewe, kwa hiyo lilipokatwa kwetu halikupata habari. Mzee alinyosha ngumi. Katikati ya majani palikuwa na boga, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, likiwa na ua kavu bado limening'inia.

Baba alilitazama. Niliona mkono wake ukiinuka, kidole kikianza kunyoka, halafu kikajikunja kikarudi ndani ya ngumi.

"Mpigie Shosho," akaniambia. "Mwambie liko moja."

Krismasi ilikuwa inakuja na ufuo wangu haukuwa na mtu wa leso. Hasira ilikuwa bado mpya.

"Ni mama yako," nikamwambia. "Mwambie mwenyewe, mwanangu."

Nilijiandaa kuruka ua tena. Lakini baba alikuwa ameshatoa simu, na akiwa amechuchumaa chini ya mforosadi na suruali yake ya ofisini, alikuwa anangoja upande wa pili upokee.