Abbo na Askari wa Filamu ya Kihindi

Patricia Abbo aliuza chai na kabalagala, vitumbua vya ndizi, nje ya banda moja la video mjini Busia, upande wa Uganda. Wateja wake walikuwa wapakizi wa mizigo, madereva waliongoja karatasi za forodha, na vijana wa baiskeli wanaovusha abiria kwenda Kenya. Walimwita Mama Emmy, kwa jina la binti yake, na zaidi ya hapo hawakujua lolote kumhusu. Yeye mwenyewe alipenda iwe hivyo. Alihama Tororo ili asijulikane.

Mumewe, Phillip Ogwang, alikuwa askari polisi. Alizaliwa kijijini Petta, katika ukoo wa wakulima wa Kijopadhola, na hata baada ya kuvaa sare alirudi nyumbani kila msimu wa kupanda kumsaidia mama yake, Achola. Mwaka mmoja Achola alinunua mbegu za mahindi dukani, katika mifuko mizuri yenye muhuri na picha. Mvua ilinyesha vizuri, lakini shamba likaota vipara. Mashamba ya majirani yakawa vivyo hivyo. Baadaye ikajulikana kwamba zilikuwa punje za kupikia tu, zimepakwa rangi nyekundu na kutiwa katika mifuko ya kughushi. Mwaka ule Petta walilala njaa. Phillip alimkuta mama yake akichemsha majani ya kunde bila hata chumvi.

Msimu uliofuata alikuwa zamu kwenye kizuizi cha barabarani upande wa Buteba. Asubuhi akampigia mkewe simu, sauti yake imejaa furaha.

"Mama Emmy, nimelikamata lori. Mbegu zilezile."

"Wewe na nani?"

"Niko na mwenzangu. Usiogope. Nitakupigia."

Hakupiga tena. Mchana wa siku hiyo walikuja askari wawili nyumbani, wamevua kofia zao.

Ripoti ilisema kwamba Phillip Ogwang alikuwa amelewa kazini, akayumba hadi katikati ya barabara, akagongwa na gari lisilojulikana. Lori la mbegu halikutajwa. Mwenzake wa zamu alisema hakuona kitu. Petta nzima ilijua kwamba Phillip hakuwa mnywaji. Hata kwenye sherehe za arusi, mrija wa chungu cha pombe ulipomfikia, aliupitisha kwa jirani yake akiomba soda. Lakini siku ya mazishi mkubwa wake wa kazi alisimama mbele ya jeneza, akawaasa vijana wajihadhari na pombe. Achola aliinuka akaingia ndani ya nyumba. Abbo alibaki amekaa. Alimtazama yule afande mpaka akamaliza.

Alifuatilia. Alikwenda ofisi hii na ile, akaambiwa aje wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Mwishowe mtu mmoja akamwambia kwa upole, "Dada, hilo jambo limekwisha. Lea mtoto wako." Watoto wenzake Emmy walikuwa wameanza kumwita mtoto wa mlevi. Abbo akafunga virago, akahamia Busia.

Banda la video lilikuwa la mbao na mabati, na mtafsiri wa filamu aliitwa Mangeni, Msamia wa Dabani. Hakujua Kihindi hata neno moja, ila alizifahamu filamu kwa kuzitazama tena na tena. Alikaa kando ya skrini na maiki mkononi, akiwasemea waigizaji wote, wake kwa waume, kwa Kiswahili cha mpakani, akitia na mizaha yake. Watu walikuja kwa ajili yake kuliko hata filamu. Sauti yake ilitoka nje kupitia spika, na Abbo aliisikia siku nzima akikaanga kabalagala zake bila kuitilia maanani.

Jumapili moja alasiri walionyesha filamu mpya ya Kihindi, ya askari waaminifu wanaopambana na wakubwa wala rushwa. Watu walijaa hadi mlangoni. Inspekta kijana alikuwa amekamata gari la magendo, na tajiri akamfungulia sanduku la noti. Inspekta akalipiga teke. Hapo simu yake ikalia. Alikuwa mkubwa wake, akimwamuru aachie gari.

Mangeni akacheka kwenye maiki. "Tazama hii mjinga! Anakataa pesa, anakataa na bosi! Hapa kwetu angekuwa ameshagongwa na lori, na ripoti ingesema alikuwa amelewa. Kama ile ya Buteba!"

Banda zima likaangua kicheko.

Abbo alisimama. Birika la chai lilikuwa mkononi mwake na hakukumbuka kulitua. Aliwapita watu waliobanana mlangoni, akatembea katikati ya mabenchi hadi mbele, picha zikimpita usoni na kifuani.

"Mama, kaa chini!" wakampigia kelele. "Unatuziba!"

"Mama Emmy, kuna nini?" Mangeni aliuliza. Sauti yake ilitoka kwenye spika, ikasikika hadi barabarani. Akasimamisha filamu.

"Ile ya Buteba," Abbo alisema, "ni mume wangu."

Mangeni aliinuka. Akamnyooshea maiki, na Abbo akaipokea kwa mkono uliokuwa huru.

"Jina lake ni Phillip Ogwang, wa Petta. Hakuwahi kunywa pombe maishani mwake. Alikamata lori la mbegu za uongo, kwa sababu mbegu hizo zilimlaza mama yake njaa. Nyinyi pia mna mama zenu vijijini, wanalima. Alisimama barabarani kwa ajili yao. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini mjue mnamcheka nani."

Akarudisha maiki, akatoka. Alipofika kwenye jiko lake akalitua birika, akaketi chini. Ndani ya banda filamu iliendelea. Mangeni aliitafsiri hadi mwisho, maneno matupu bila mzaha.

Baadaye wiki hiyo akaja mpakizi mmoja aliyeitwa Eibu, mtu mrefu wa kabila la Wateso, mwenye kovu kwenye paji la uso. Aliagiza chai, asiinywe.

"Mama Emmy, Jumapili mimi nilikuwa ndani," alisema. "Mimi nilikuwa utingo ya ile lori."

Abbo akaliweka sufuria chini polepole. "Sema."

Eibu alisema akiangalia kikombe. Phillip alifungua mfuko, akasugua punje, rangi ikamwachia wekundu vidoleni. Dereva akampa pesa, akakataa. Dereva akapiga simu, na muda si mrefu simu ya Phillip nayo ikalia. "Yeye anasema, 'Afande, niandikie hiyo amri, mimi nitaachia.' Basi wakakata. Ile polisi ingine ikaenda zake kwa duka. Bwana yako akasimama mbele ya lori, ananyoosha mkono hivi. Dereva akawasha. Mimi niko juu ya mizigo, napiga bodi nasema simama, simama. Hakusimama."

Abbo alilia hapo hapo kazini, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Busia. Kisha akajifuta uso kwa kanga.

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Wataniua."

"Huenda. Siwezi kukudanganya kwamba hawatakugusa."

Eibu akakisukuma kikombe kando. "Mimi silali vizuri, mama," alisema. "Twende."

Mangeni ndiye aliyewapeleka Tororo kwa askari mpelelezi mmoja, binamu yake, Kate Mugeni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliyaandika maelezo ya Eibu akimrudisha nyuma kila alipokwenda haraka, kisha akamtazama Abbo.

"Hili litatugharimu sote watatu. Mko tayari?"

"Mimi nimeshagharimika, afande," Abbo alijibu.

Mugeni alimficha Eibu kwa jamaa zake, akalitafuta lori hadi akalipata, limepakwa rangi nyingine. Wakubwa wake walimwita, wakamwonya. Watu wasiojulikana walilipindua jiko la Abbo na kumwaga mafuta yake barabarani. Vijana wa baiskeli wakamjengea jingine. Kesi iliahirishwa mara nyingi hadi Abbo akawa anaijua kila benchi ya mahakama. Lakini Eibu alisimama kizimbani akasema yote, na mwenzake Phillip wa zamu, alipoona mambo yameharibika, naye akafungua kinywa.

Dereva alifungwa. Yule mkubwa aliyempigia Phillip simu alistaafishwa mapema, akaenda kwake kulima. Mwenye mbegu hakutajwa hata mara moja. Dereva alikubali kwenda jela kuliko kumtaja. Mugeni alihamishiwa mbali kaskazini, na Eibu akavuka mpaka, asionekane tena sokoni Busia. Abbo alipomshukuru Mugeni kwa simu na kumwomba radhi kwa uhamisho ule, yule askari alimkatiza. "Usiniombe radhi, dada. Huku nako kuna kazi."

Jumapili moja baada ya hukumu kutolewa, Abbo alimchukua Emmy wakaenda Petta na nakala yake. Baada ya ibada, katekista Bartholomew alisoma hukumu mbele ya waumini, akiitafsiri kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, aya kwa aya. Achola alikaa benchi ya mbele, mjukuu wake amemwegemea. Katekista alipofika mahali ambapo hakimu alisema kwamba marehemu hakuwa amelewa na alikufa akitimiza wajibu wake, mama yule aliinua mkono.

"Hapo," alisema. "Soma tena hapo."

Bartholomew akasoma tena.