Sindano ya Fundi Makochi

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchungulia, jioni kukatulia.

Fundi makochi alikuwa ameshika sindano tangu ujana wake, za kunyooka na za kupinda, na hakuna ngozi wala turubai iliyowahi kumshinda. Lakini tangu hospitali walipomwambia ana kisukari na atachoma insulini asubuhi na jioni, mkewe ndiye aliyekuwa akimchoma, yeye akitazama dari kama anayetafuta inapovuja.

Sasa binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mkewe alikuwa na tiketi ya basi la kesho asubuhi. Begi lilishakaa mlangoni.

"Leo jioni unajichoma mwenyewe, mimi naangalia," alisema. "Ukishindwa, siendi."

"Mimi nishindwe na sindano, mama?"

"Tutaona, fundi."

Kabla ya chakula fundi akaketi karakanani, juu ya kochi la mteja lisilo na kitambaa. Akavuta dawa kwa bomba la sindano, akakagua kipimo, akatoa kiputo cha hewa. Mpaka hapo, safi. Kisha akabana nyama ya tumbo, akaingiza sindano kwa ulalo, taratibu, kama anavyopitisha uzi kwenye pindo la mto. Akasukuma. Shati likalowa.

Mkewe akainama kutazama, akashika mbavu. "Baba weee! Umejishona! Imeingia huku, imetokea kule!"

"Usicheke, mke wangu."

"Nisicheke? Nikuletee na kifungo?"

Wakampigia nesi. Akawakataza kuchoma tena kwa kukisia, maana haijulikani kiasi gani kimeingia. Ale kama kawaida, apime sukari, na ikipanda sana wampigie. Haikupanda sana. Ila kicheko cha mkewe kilikwisha. Alilichukua begi mlangoni, akalirudisha chumbani, na hilo lilimchoma fundi kuliko sindano yoyote.

Akarudi karakanani na lile bomba, safari hii likiwa na maji. Akachoma kipande cha sponji. Kwa ulalo, ncha ikatokea upande wa pili. Wima lakini polepole, ikayumba. Wima na kwa mara moja, ikazama, ikatulia. Akarudia hadi sponji ikachuruzika.

Asubuhi yake, kabla hakujapambazuka vizuri, alinawa mikono, akapima sukari, akafungua bomba jipya. Akaita, "Mama, njoo uangalie!"

Mkewe akaja akifikicha macho. Fundi akabana tumbo, akachoma wima, akasukuma, akangoja kidogo, akachomoa. Shati kavu.

"Na dari hukuitazama," mkewe akasema, sauti imemlegea.

"Nitaitazama ukishaondoka, nikikukumbuka."

Fundi akala mkate na yai, akashushia chai isiyo na sukari. Kisha akaingia chumbani, akatoka na begi begani.

"Twende, bibi wa watu. Mjukuu anangoja."