Tundu Lenye Meno

Barua iliyomnyima nyanya yangu maji niliiandika mimi.

Nilikuwa nimehitimu masomo ya historia na kurudi nyumbani Subukia. Mwenyekiti wa kamati ya mfereji wetu akaniletea sarafu ya kikoloni yenye tundu katikati. Alidai kuwa mzungu aliyemiliki shamba la kahawa lililokuwa hapa aliwagawia wafanyakazi wake wa kwanza sarafu kama hiyo, na kwamba familia zilizozihifadhi, yake ikiwemo, ndizo zilizostahili kufungua maji kwanza wakati wa kiangazi. Nikaona taji na jina la mfalme, vyote vimefifia. Nikaiandikia kamati barua kuwa ni halisi, nikatia sahihi.

Kiangazi kikaja. Zamu ya nyanya, aliyechuma kahawa shambani humo tangu utotoni, ikasukumwa hadi mwisho. Maji yalipomfikia yalikuwa tope, na ng'ombe wake akapunguza maziwa. Hakunilaumu, aliomba tu kuiona sarafu. Nilipoiazima, alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

“Lina meno,” akasema. “Zetu tulizitunga kwenye kamba, tukazivaa shingoni. Kamba ililainisha tundu kabla uso haujafifia. Hii imesuguliwa usoni, tundu likasahauliwa.”

“Na zako ziko wapi, Shosho?”

“Nilinunua chumvi! Ulidhani tulikuwa tukiweka ukumbusho?”

Akacheka sana. Mimi sikuweza. Ushahidi wa jasho lake ulikuwa umeliwa zamani na watoto wake, akiwemo mama yangu. Aliyeghushi sarafu hakuhitaji kuwadanganya wengi. Alihitaji msomi mmoja anayeheshimu jina la mfalme kuliko vidole vya nyanya yake.

Katika mkutano uliofuata wa kamati nilisimama, nikasema barua yangu ilikuwa ya uongo.

“Bwana Digrii!” mwenyekiti akapaza sauti. “Juzi halisi, leo bandia. Kesho utatuambia hata mfereji ni bandia?”

Watu wakaangua kicheko. Sikuketi.

“Juzi nilisoma jina, mwenyekiti. Sikuligusa tundu.”

Nikampa sarafu mama mzee aliyekuwa karibu. Akaipapasa, akaguna, akampa jirani yake. Ilizunguka mikononi mwa wachuma kahawa wa zamani, na kila ilipopita kicheko kilipungua. Mwenyekiti alinyoosha mkono ili arudishiwe, hakuna aliyempa.

Nikaomba faili la kamati, nikaikata kwa kalamu sahihi yangu kwenye barua ile mbele yao wote. Kisha nikapendekeza zamu zipangwe upya siku hiyohiyo, zikianzia mwisho wa mfereji, kwa waliofikiwa na tope.