Kufuli la Kwaya

Kwaya yetu ya mtaa wa Area D huanza wimbo vizuri, kisha huukimbiza. Mimi ndiye mwalimu wao. Muziki nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na kosa dogo tu hunitia wasiwasi. Jumapili ile tulikuwa tuimbe mbele ya kwaya za jirani, kwa hiyo mazoezini nililifunga kufuli la mlango wa kanisa kwenye uzi, nikalining'iniza dirishani libembee na kutupimia mwendo.

Likabembea haraka mno. Nikalisukuma polepole, nikiamini litapunguza kasi. Wapi! Likawa linabembea umbali mfupi tu, lakini kwenda na kurudi kulichukua muda uleule.

"Mwalimu, hata kufuli halikusikii," akanitania mama mmoja wa sauti ya pili.

 Nikaacha kuhangaika na mkono, nikaurefusha uzi. Hapo kila safari ya kwenda na kurudi ikachukua muda mrefu zaidi, yaani kipindi kiliongezeka. Safari zikawa chache kwa dakika, yaani marudio yalipungua. Kumbe siri ilikuwa kwenye uzi!

Tukaimba tukilitazama, vichwa vikienda kushoto na kulia. Hata lilipoanza kuchoka na kubembea kidogo tu, muda wa kila safari haukubadilika, nasi hatukuukimbiza wimbo, hata kwenye ubeti wa mwisho.

"Tumeweza!" nikapiga kelele.

"Tumeweza, mwalimu," akasema yule mama. "Sasa lishushe tufunge kanisa, watoto hawajala."