Mlango wa Ghala la Mayi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo lori la mnunuzi kutoka Kitale liliingia bomani kwetu Ndalu. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, bado naona haya kwenda sokoni peke yangu.

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mayi, yaani mama, alikuwa amelala ndani, miguu imemvimba. Yeye ndiye aliyelijua ghala. Kulijaza si kazi, yeyote mwenye jembe hulijaza. Kila mavuno alijenga ukuta wa udongo na kinyesi cha ng'ombe humo ndani: mbele mahindi ya kuuza, nyuma ya kula. Yale ya nyuma aliyapaka majivu yasiliwe na wadudu, akatenga mbegu, akatenga ya wageni wa matanga na ya kubadilisha na chumvi. Juni ikifika, majirani wakianza kuzunguka na vikapu vitupu, sisi tulikula ugali. Ulichanganywa na wimbi, lakini ulikuwa ugali. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema ni nani anayeiweka.

Siku hiyo baba mkwe alikuwa ameshauza mahindi yote ya mbele, na bado pesa za pikipiki aliyotaka kununua hazikutosha. Akamwambia mnunuzi ukuta ubomolewe.

Mayi alisikia, akaniita. Nikamwambia mimi ni mgeni hapa, nitasema nini mbele ya baba mkwe? Maana kwetu, mwanangu, mzee na mkaza mwana wake hawasogeleani. Hampeani mikono, na mkikutana njiani wewe unaingia majanini apite. Mayi alinitazama kwa hasira ya mtu asiyeweza kuinuka.

"Ukiogopa leo, Juni utalilia nani?" akasema. "Enda ukae kwa mlango ya ghala. Usiseme kitu. Kaa tu."

Nilipanda ghala, lililosimama juu ya nguzo, nikaketi katika ule mlango mdogo wa kupita mtu mmoja. Baba mkwe aliponiona alisimama mbali na kugeuza uso. Hangeweza kunigusa wala kunikaribia. Adabu ileile iliyonifunga mdomo ndiyo iliyomfungia njia.

"Wekesa," akamwambia mume wangu, macho yake yakiwa kwenye ua, "ambia bibi yako ashuke."

Wekesa alinitazama, kisha akatazama chini. "Baba, ametumwa na Mama."

"Ati ametumwa? Kwani hii ghala ni ya nani?"

"Mzee, si uamue, bana," mnunuzi akasema. "Mimi niko na safari."

Nilikaa pale mpaka jua likawa utosini, na lori likageuka kwenda kutafuta mahindi Misikhu.

Mwaka ule tulikula mpaka mavuno. Na unajua kilichosemwa? Barazani baba mkwe alisifiwa kuwa mkulima anayeona mbali, asiyeuza chakula cha watoto kama wenzake. Akapewa toroli kama zawadi, akaipokea. Mimi nilitozwa kuku na wazee kwa kumkosea mzee heshima. Kweli asante ya punda ni mateke.

Baada ya mavuno hayo baba mkwe alijenga stoo ya mabati kando ya barabara, akaitia kufuli, ufunguo ukakaa katika mfuko wa koti lake. Mwanamke hakuwa tena na mlango wa kuketi. Mayi alikufa kabla ya mvua za kupanda, na kwenye mazishi ilisomwa kwamba alikuwa mke wa mkulima bora. Basi. Juni iliyofuata nilisimama sokoni Ndalu na gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka, mkononi, mtoto akilia njaa mgongoni, nikinunua mahindi ambayo huenda yalitoka shambani kwetu. Nililia na mimi, mbele za watu.

Miaka ya tisini baba mkwe naye akafa. Shemeji yangu, mwalimu huko Bungoma mjini, alisimama mbele ya waombolezaji akawaeleza jinsi baba yake alivyobuni ukuta wa akiba ndani ya ghala. Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Sisi wanawake tulimsikia tukiwa jikoni, tukipima unga ili ugali uwafikie wote.

Sitakudanganya kwamba mambo yamegeuka. Ghala lilioza, na wajukuu wa Mayi wananunua unga wa pakiti bila kujua kwamba bibi yao aliwahi kuishinda Juni. Wakati mwingine naona kama nilikaa mlangoni bure.

Lakini nasaha yangu ni hii. Ukikuta nyumba imevuka njaa bila kuomba, usiulize tu nani alilima. Uliza nani aligawa, nani alificha, nani alilala na njaa ili chakula kifike. Ukimpata, mtaje kwa jina angali hai, mbele ya watu, kabla mwingine hajapewa toroli yake. Mayi aliitwa Nasimiyu. Tulimheshimu mno hata hatukulitamka jina lake, na heshima hiyo ndiyo iliyomzika mara ya pili.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie chakula cha Juni, na siku utakapolala usiamke, awepo mtu mmoja wa kusema uliyoyafanya.